Chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla ya hijja au umra: mwongozo kwa sisi wa Tanga

Mie si dokta wala si nesi, nasaidia tu wazee wa mtaani kwetu Ngamiani kujaza fomu na kupanga makaratasi ya safari, lakini msimu ukianza simu haitulii. Zamani ilikuwa kelele za hijja tu, siku hizi umra watu wanaenda mwaka mzima, kwaiyo maswali nayo ni mwaka mzima na ni yale yale: ile sindano inachomwa wapi, nilichoma mwaka juzi bado ipo, mtoto si ameshamaliza chanjo zote kliniki, na nikichoma wiki ya safari kuna shida gani. Nimejibu mpaka sauti imekauka. Naandika hapa mara moja, mwenzio akikuuliza mtumie.

Kwanza jina, mana hapa ndo watu wanapotea asubuhi kweupe. Homa ya uti wa mgongo sio yutiai. Yutiai ni ugonjwa wa njia ya mkojo, huu mwingine unashika ngozi laini zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, havina undugu wowote zaidi ya herufi. Kuna bi mkubwa mmoja wa Makorora alitumwa na kikundi chake akachome "sindano ya uti", akafika dirishani akasema hivyo hivyo, wakampa kikopo akaenda chooni, akarudi nyumbani na dozi ya vidonge, na safari imebaki siku nane. Kwaiyo ukifika dirishani sema hivi: nataka chanjo ya meninjaitisi kwa ajili ya safari ya Saudia, ile ya A, C, W na Y. Herufi hizo nne ni majina ya makundi ya mdudu wa ugonjwa huu, zikariri kama namba ya simu yako.

Nadharia sitaki kukuchosha. Mdudu anaitwa meningokoka, anakaa kooni na puani, karibu mtu mmoja kati ya kumi anaye na wala haumwi, anamwambukiza mwenzie kwa mate na makohozi, kukaa kubanana, kulala hema moja, kunywea kikombe kimoja. Sasa fikiria Mina, pale mahujaji wanapolala kwenye mahema. Mwaka 1987 ulitokea mlipuko wakati wa hijja, Saudia wakaanza kudai chanjo, alafu mwaka 2000 ukaja mwingine wa kundi W ambalo chanjo iliyokuwa inadaiwa wakati ule haikuligusa, wakaugua watu zaidi ya 400, mahujaji na watu wa majumbani mwao waliowapokea. Ndo mana leo zinadaiwa herufi nne. Na usidhani ni hadithi ya zamani, mwaka 2024 waliugua watu 12 wa Marekani, Ufaransa na Uingereza katika kesi zilizohusishwa na safari za Saudia, wengi wao walitoka umra, na wale tisa ambao ilijulikana kama wamechanjwa au la, wote tisa hawakuchanjwa. Ugonjwa ukiwahiwa na dawa bado unaua karibu mmoja kati ya kumi, usipotibiwa unaweza kuua nusu, na wanaopona wapo wanaobaki viziwi au kukatwa vidole.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Pasi ya kusafiria, sio kopi, yenyewe. Kadi ya njano (ile kadi ya kimataifa ya chanjo) kama ulishawahi kuwa nayo, hata kama imechakaa. Tarehe ya kutua Saudia (kutua, sio kutoka Tanga). Majina ya dawa unazotumia, ukishindwa kuyasoma beba maboksi yake. Kama unaenda na mtoto, kadi yake ya kliniki. Hela, mana hii haimo kwenye zile chanjo za bure za watoto, inalipiwa, na bei ulizia siku hiyo hiyo kwa simu usitegemee ya mwaka jana. Na kina mama, jamani, baibui la mkono wa kubana liacheni, sindano inapigwa juu kabisa ya mkono karibu na bega, nimeona mtu anavuliwa nusu nguo kwenye korido na foleni ya wanaume inatazama. Vaa ndani blauzi ya mkono mpana.

HATUA

1. Hesabu siku kwanza. Saudia wanataka uwe umechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Sababu ni kwamba mwili unahitaji hizo siku kutengeneza kinga, sindano haifanyi kazi siku ile ile. Mfano unatua Jeddah tarehe 25, basi tarehe 15 ndo mwisho kabisa, na mie sikushauri usubiri mwisho, choma mwezi mmoja kabla, mana ukikuta imeisha una muda wa kuhangaika. Kosa kubwa la watu wetu ni kusubiri viza itoke ndo wachanjwe. Viza ikichelewa sindano haiharibiki mwilini, inakungoja.

2. Angalia kama unahitaji kweli. Ulishachomwa safari iliyopita? Toa kadi usome. Zipo aina mbili: konjugeti, ambayo Saudia wanaikubali kwa miaka 5, na polisakaraidi, ya zamani kidogo, wanaikubali kwa miaka 3. Kadi isipoandika ni aina gani, inahesabiwa miaka 3, na hili nitalirudia mana liliniuma mwenyewe. Chanjo ya homa ya manjano ni habari nyingine kabisa, kuwa na kadi ya njano yenye muhuri wa homa ya manjano hakumaanishi umechanjwa meninjaitisi. Karatasi ni moja, magonjwa mawili.

3. Piga simu au tuma mtu aulize kabla hujapanda bajaji. Anzia hospitali ya Bombo, uliza watu wa afya bandarini, uliza hospitali binafsi unayoiamini, na kiongozi wa kikundi chako, mana vikundi vingi hupanga siku moja ya kuchanja watu wao wote. Maswali ni matatu tu: mnayo leo ya A, C, W, Y? ni konjugeti au polisakaraidi? na mnajaza kadi ya kimataifa na muhuri hapo hapo? Jibu la "njoo tutaangalia" maana yake hawana. Ikikosekana Tanga usilale, panda basi la alfajiri uende Dar ukachome urudi, waja leo waondoka leo, ila na huko piga simu kwanza.

Ukipewa kuchagua, chukua konjugeti. Sio kwa sababu ya miaka 5 peke yake. Inapunguza pia yule mdudu kukaa kooni, kwaiyo unakuwa huwabebei watu wa nyumbani zawadi wasiyoiomba, ile ya polisakaraidi inakukinga wewe lakini kooni haimgusi sana. Majina utakayoyaona kwenye boksi za konjugeti ni kama Menveo, Nimenrix au MenQuadfi. Usibabaike jina, soma zile herufi nne.

4. Ongea ukweli mbele ya sista. Ukikaa kwenye kiti sema kama ulishawahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya chanjo yoyote, kama una mimba, kama una sikoseli, kama uliwahi kutolewa bandama, kama unaishi na virusi vya ukimwi. Hayo hayakunyimi chanjo, isipokuwa ule mzio mkali ndo unaweza kuizuia. Watu wa sikoseli, waliotolewa bandama na wanaoishi na virusi huwa wanahitaji dozi mbili zilizopishana wiki kadhaa, kawaida nane, na hawa ndo wanaohitaji zaidi kuliko sisi wengine, kwaiyo ukiwa mmoja wao anza miezi mitatu kabla. Kuficha kwa sababu jirani kasimama nyuma yako ni kujipunja, omba mzungumze pembeni.

5. Tazama kichupa. Usione haya, hela ni yako na mkono ni wako. Itoke kwenye friji au kwenye kile kiboksi cha baridi, chanjo hizi zinatakiwa ziwe kati ya nyuzi 2 na 8, zikipata joto zinakufa na zikiganda pia zinakufa. Soma jina, soma tarehe ya mwisho. Baadhi zinakuja vichupa viwili, kimoja kina unga mweupe umeganda chini kama sukari iliyolowa na kingine maji, sista anavuta maji, anayasukuma ndani ya unga, anakitikisa mpaka unga wote unayeyuka, ndo anavuta tena. Ukiona anataka kukuchoma yale maji bila kuchanganya na unga, mzuie kwa heshima, mana hapo hupati chanjo kamili. Na usinunue mwenyewe duka la dawa ukaitia kwenye mkoba ukazunguka nayo kwenye jua letu hili mpaka umpate wa kukuchoma. Nimeliona hilo kwa macho yangu, mtu kakaa na kichupa kwenye mfuko wa kanzu tangu swala ya dhuhuri.

6. Sindano yenyewe. Sekunde tatu, imekwisha. Mkono usioutumia kwa kazi ndo mzuri. Kama unahitaji na ya homa ya manjano unaweza kuchomwa zote siku moja, mkono huu na mkono ule.

7. KADI. Hapa tulia, usiinuke kwenye kiti. Safari yangu ya kwanza kumpeleka mama, aliyejaza kadi aliandika neno moja tu, "meningitis", na tarehe, akagonga muhuri, tukashukuru tukaondoka. Miaka minne baadae mama anataka umra, tunaitoa kadi kwa mbwembwe kwamba bado ipo mwaka mmoja mbele, kumbe haisomeki ni aina gani, inahesabiwa mitatu, imekufa. Tukarudi pale tulipochomea, daftari la mwaka ule halionekani. Akachomwa upya, akalipa upya, na mie nikasemwa njia nzima kuanzia Barabara ya 12 mpaka nyumbani. Kwaiyo kabla hujainuka kagua hivi: jina lako liwe kama lilivyo kwenye pasi herufi kwa herufi (sio Mwanahamisi kwenye pasi na Mwanakhamis kwenye kadi), namba ya pasi, tarehe ya sindano, jina la chanjo pamoja na A, C, W, Y, neno konjugeti au polisakaraidi limeandikwa, namba ya bechi, sahihi, muhuri unaosomeka. Vichupa vingine vina stika ndogo yenye jina na bechi, muombe sista aibandue aibandike kwenye kadi, hapo hata aliyeandika vibaya haharibu kitu.

8. Kaa hapo hapo dakika 15. Mzio mkali ni nadra sana lakini ukitokea hutokea mapema, na afadhali utokee mbele ya mtu mwenye dawa kuliko juu ya bodaboda.

9. Nyumbani. Mkono utauma, unaweza kuwa mwekundu, kichwa, uchovu, kahoma kadogo, siku moja au mbili. Panadol inatosha. Usikande na maji ya moto wala usisugue dawa ya asili pale ilipoingia sindano. Hiyo homa sio kwamba "umetiwa ugonjwa", ndani ya chanjo hamna mdudu mzima, ni vipande vya ganda lake tu.

10. Piga picha kadi pande zote mbili, ibaki kwenye simu yako na simu ya mtoto wako, toa na kopi mbili. Kadi halisi safiri nayo mkononi pamoja na pasi, usiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Na usiipeleke kwenye leminesheni, mana safari ijayo hawatapata pa kuandika.

MASWALI YA WATOTO, NAYAWEKA PEMBENI KWA SABABU NI MENGI

Mtoto aliyemaliza chanjo zote za kliniki ana kinga ya aina nyingine za meninjaitisi, zile penta na nimokoko zinazuia wadudu wengine wawili wanaoleta ugonjwa unaofanana. Meningokoka haimo kwenye ratiba yetu ya kawaida. Kwaiyo akisafiri anachomwa kama mtu mzima, sharti la Saudia linaanza mwaka mmoja wa umri. Chini ya miaka 2 hakikisha ni konjugeti, ile nyingine kwa watoto wadogo haishiki vizuri. Wengine wanahitaji dozi mbili kutegemea jina la chanjo na umri, muulize sista mapema usikute unaambiwa urudi baada ya miezi mitatu na tiketi imeshakatwa.

IKITOKEA HIVI, FANYA HIVI

Umebaki na siku chini ya 10. Choma leo, alafu mpigie kiongozi wa kikundi uulize kusogeza tarehe. Usikubali kurudishiwa tarehe nyuma kwenye kadi. Atakuja mtu atakwambia ana kadi tayari imeshagongwa, lete hela tu na jina. Huyo anachanja karatasi, hakuchanji wewe, na utaenda kulala hema moja na watu waliotoka kila pembe ya dunia.

Kadi imepotea. Rudi ulipochomea na pasi na ile picha ya kwenye simu, wakikuona kwenye daftari wanakujazia nyingine. Wasipokuona, kuchomwa tena hakuna madhara.

Siku ya sindano una mafua. Nenda. Una homa kali ya kutetemeka, subiri ipoe, na kapime malaria kabla hujasingizia kitu kingine.

Umefunga. Masheikh wengi wanasema sindano ambayo si chakula haibatilishi saumu. Roho isipotulia muulize sheikh wako, au tafuta hospitali inayochanja baada ya futari.

Unahofia uhalali wa vilivyomo. Swali la haki kabisa, wala usione wanakucheka. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilizipitia chanjo za meninjaitisi mwaka 2010, zipo lilizozihalalisha, Menveo ikiwemo. Uliza jina la iliyopo hapo kabla hujalipa, alafu peleka jina hilo kwa sheikh wako.

Umechanjwa na bado unaumwa. Hizo herufi nne hazizuii kundi B, wala meninjaitisi ya virusi au ya wadudu wengine, kwaiyo kuchanjwa sio sababu ya kulala nyumbani na dalili. Homa ya ghafla, kichwa kinapasuka, shingo imekakamaa kidevu hakifiki kifuani, mwanga unaumiza macho, kutapika, kuchanganyikiwa, ni hospitali hapo hapo hata saa nane usiku. Mtoto mchanga shingo yake inaweza isikakamae, yeye utaona utosi umevimba, analia sauti nyembamba isiyo yake, hataki kunyonya, amelegea. Degedege likimshika mtoto mwenye homa usianze kuzunguka kwa waganga na kumfukizia, saa mbili hapo ni nyingi mno.

Ukiona madoa mekundu au ya zambarau kwenye ngozi, chukua glasi ya kioo ya kunywea maji, igandamize juu ya doa utazame kupitia humo. Doa likibaki halififii chini ya glasi, kimbia, hiyo inaweza kuwa damu inayovuja chini ya ngozi. Sisi weusi halionekani vizuri mgongoni wala tumboni, tazama viganjani, nyayoni, na ndani ya kope la chini.

Na aliyerudi safari akigundulika anao, waliolala naye chumba kimoja na waliokula naye sahani moja waende hospitali siku hiyo hiyo wakapewe dawa ya kinga ambayo dokta ataona, hata kama wanajisikia wazima kabisa. Ugonjwa unaweza kujificha siku mbili mpaka kumi, kwaiyo ukiugua ndani ya wiki mbili za kurudi mwambie dokta neno la kwanza kabisa kwamba umetoka Saudia, kabla hata hajakuuliza malaria.